Ngazi Tano za Ukumbi Wetu

Hotuba ya Mweka Hazina katika mkutano mkuu wa mwaka wa Chama, Dar es Salaam

 

Mwenyekiti amenipa dakika ishirini za kusoma taarifa ya fedha. Taarifa hiyo mmeishaipata kwenye makaratasi, imekaguliwa, na atakayekuwa na swali anaweza kunifuata wakati wa chakula. Naomba dakika zangu nizitumie kwa jambo moja, kwa sababu linahusu hela tutakazochanga leo, na kwa sababu bado hatujachimba msingi. Msingi ukishachimbwa, maneno yangu yatakuwa ya bei ghali.

Ramani ya ukumbi wetu wa kata mmeiona ukutani pale mlangoni. Ni ramani nzuri. Mbele kuna nguzo nne na ngazi tano pana, na nimesikia wengine mkisema hapo ndipo pa kupigia picha za harusi. Vyoo viko nyuma, chini kidogo, kwa sababu ya mteremko. Ninaomba tuibadilishe ramani hii kabla ya fundi kuanza, na katika mchango wa mwaka huu tutenge fungu la kurekebisha majengo matatu ambayo tayari yapo: zahanati, ofisi ya kata, na kibanda cha stendi.

Sababu ni kwamba wapo watu wa kwetu wasioweza kuingia humo.

Mwezi wa saba nilipokwenda nyumbani nilichukua futi kamba, nikamwomba fundi mmoja wa pale anisindikize, tukapima. Wenzangu wa ofisini wananicheka kwamba mhasibu hata likizo anatafuta cha kuhesabu, lakini nilitaka tuongee kwa sentimita. Zahanati ina ngazi tatu. Mbili zina sentimita 16 kila moja, na ile ya chini imefika 22 kwa sababu mvua imekula udongo chini yake. Mlango wa chumba cha mganga una upana wa sentimita 74. Kiti mwendo cha kawaida kina upana wa kama sentimita 65, na mikono ya anayekisukuma nayo inataka nafasi pande zote mbili, kwa hiyo mlango unaofaa ni wa sentimita 90. Choo kiko nyuma, unashuka kwa njia ya udongo. Mlango wake ni sentimita 60 na ndani ni tundu la kuchuchumaa, hakuna pa kushika. Hebu mfikirie mama aliyejifungua jana, au mzee mwenye nyonga, atakitumiaje.

Ofisi ya kata ina ngazi nne zenye jumla ya sentimita 64. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu, na ndipo ninapotaka mnisikilize.

Kuna mama mmoja wa kitongoji cha juu ambaye miguu yake haina nguvu tangu utotoni. Anatembea kwa magongo mahali tambarare, na mahali pengine anatambaa. Ana shauri la mpaka wa shamba, shamba la migomba na kahawa aliloachiwa na baba yake. Siku ya baraza alibebwa na kijana wa bodaboda mpaka uani. Ngazi zile anaweza kuzipanda kwa mikono na magoti, ila alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, watu wamejaa, na alikataa kuingia mbele ya baraza akiwa ametambaa. Wazee wa baraza hawakuwa na ubaya. Walimletea kiti uani, wakafungua dirisha, na shauri lake akalisikilizia dirishani. Upande wa pili ulikuwa ndani, umekaa mezani, unaonyesha karatasi kwa kidole. Yeye alipotaka kujibu ilibidi apaze sauti, na kila aliyekuja kutafuta barua ya utambulisho siku ile akayasikia mambo ya ukoo wake.

Nimeambiwa shauri bado linaendelea. Siongelei nani ana haki na ule mpaka, sijui, na si kazi ya chama hiki. Ninachosema ni kwamba mmoja alikuwa ndani na mwingine nje, na kilichowatenganisha ni sentimita 64 za saruji.

Mkienda kwa mtendaji kuomba barua, mhuri au cheti, mkienda kupiga kura au kwenye mkutano wa wazazi shuleni, mnapita tu mlangoni wala hamkumbuki ulikuwaje. Mtu mwenye magongo anaukumbuka kila mlango wa kata nzima, na hata anajua ngazi ipi ina ufa.

Sasa usafiri. Hapa Dar es Salaam tumezoea mwendokasi tangu mwaka 2016. Tunaulalamikia kwa mengi, foleni ya kituoni na kubanana, na malalamiko mengine ni ya haki kabisa. Lakini angalieni kitu kimoja kilichofanywa vizuri pale tangu kwenye ramani: sakafu ya kituo iko usawa na sakafu ya basi, na kuingia kituoni kuna njia ya mteremko. Mwenye kiti mwendo anaingia kama anavyoingia mwenye begi la magurudumu. Dereva akisimama mbali na ukingo, pengo linakuwepo na raha yote inaharibika, hilo nalo nimeliona. Hata hivyo jengo lenyewe halimzuii mtu. Dereva unaweza kumfundisha. Ngazi hufundishiki nayo.

Sisi kwetu ni Noah na Coaster kutoka lami kupanda mlimani. Sitegemei mwendokasi ifike Upareni. Lakini mnajua yanayotokea stendi: mwenye kiti mwendo anaambiwa asubiri gari linalofuata, na linalofuata linamwambia hivyo hivyo. Akipata, anabebwa mgongoni na konda kama gunia, halafu kiti chake kinapigiwa hesabu ya mzigo na analipa nauli mbili. Nimewauliza madereva wenyewe. Mmoja aliniambia bila kificho kwamba kumpandisha kunamchelewesha dakika tano, na mwenzake aliye nyuma atamchukulia abiria huko mbele. Hilo ni jibu la biashara na ninaliheshimu, kwa sababu linatuonyesha pa kushika. Tukipunguza zile dakika tano, ugomvi umepungua.

Ngazi ya kwanza ya Coaster, ile tuliyoipima, ilikuwa sentimita 35 kutoka chini. Tukijenga jukwaa la zege la kimo hicho chini ya kibanda cha stendi, na njia ya mteremko ya kulipandia, mtu anasogea kutoka jukwaani hadi mlangoni bila kubebwa. Wataalamu wa ujenzi wanatumia kipimo cha moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kupanda, urefu wa sentimita kumi na mbili. Kwa hiyo sentimita 35 zinataka njia ya mita 4 na sentimita 20. Nafasi ipo, nimepima. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo ya parachichi kichwani atalitumia jukwaa hilo kuliko mtu yeyote. Wenye magari, kupitia umoja wao, wamekubali kwa mdomo kwamba kiti mwendo na magongo si mzigo. Namwomba Katibu alifuate hilo liwe kwa maandishi, maana la mdomo wote tunajua linavyoisha.

Kipimo hicho cha moja kwa kumi na mbili naomba mkishike, kwa sababu ndicho kinachotofautisha rampu ya kweli na rampu ya maonyesho. Hapa mjini kuna jengo moja la umma, sitalitaja, lina rampu iliyojengwa ili mkaguzi aione. Imesimama kama paa la nyumba, juu wameweka vigae vinavyong'aa, na chini mlinzi ameegesha pikipiki. Mtu akiteremka pale na kiti chake anafikia barabarani. Hiyo ni hela iliyotumika, risiti zipo, hesabu zinakubali, na hakuna aliyesaidika. Wakaguzi wenzangu mnanielewa.

Turudi kwenye ukumbi. Ngazi tano za sentimita 15 ni sentimita 75. Ukizidisha kwa kumi na mbili unapata mita 9, na katikati lazima uweke mahali tambarare pa kupumzikia na pa kugeukia. Kwenye kiwanja chetu, upande wa barabarani, mita hizo hazipo. Nilipolipeleka hilo kwa mchora ramani alikubali, akasema ataweka rampu nyuma karibu na jiko. Nikamwambia hapana, huko kunapita kuni na masufuria. Mgeni hakaribishwi kwa kupitia jikoni, hata mila zetu zinakataa.

Fundi wetu wa nyumbani, ambaye hajakaa chuo hata siku moja, ndiye aliyelimaliza. Alisimama juu ya kiwanja akasema: "Nyie mnaangalia barabara. Angalieni mlima." Kiwanja kinateremka. Sakafu inayokuwa juu sentimita 75 upande wa chini, upande wa juu karibu inagusa ardhi. Mlango mkubwa ukihamia upande wa juu, tofauti inabaki kama sentimita 15, na njia ya mteremko haizidi mita 2. Vyoo navyo vinahamia upande huo huo, usawa na sakafu. Tunaokoa zege la ngazi na nguzo mbili. Tunachokosa ni picha ya harusi, na hapo ndipo nimepata upinzani mkali kuliko nilivyopata kwenye hesabu za miaka mitatu.

Wapo wafadhili wetu wakubwa, wengine wako humu ndani na ninawaheshimu sana, wanaosema ukumbi usiotazama barabara si ukumbi. Nawaomba wakae na ile michoro miwili baada ya kikao. Ukuta wa barabarani unaweza kuwa na madirisha makubwa na jina la ukumbi kwa herufi za kuonekana kutoka stendi. Herufi hizo ziwe kubwa na za rangi inayotofautiana na ukuta, wenye uoni hafifu wapo pia. Ila mlango uwe juu.

Swali nililoulizwa zaidi ni hili: kwani hao watu wenyewe wako wangapi? Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba kwa Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi, asilimia 11.2 wana ulemavu wa aina fulani. Hiyo ni zaidi ya mmoja katika kila kumi. Mtu mmoja akaniambia kwa nia njema kabisa kwamba pale zahanati hajawahi kuwaona. Kweli, hajawaona. Daftari la zahanati linaandika waliofika. Asiyefika hana mstari. Kwenye kazi yangu tukiona duka halina mauzo ya Jumapili, kabla ya kusema watu wa mtaa ule hawanunui Jumapili, tunauliza kwanza kama duka lilifunguliwa.

Halafu tuangalie kijiji chenyewe kilivyo sasa. Vijana tuko huku, au Arusha, au Moshi. Waliobaki nyumbani ni wazazi wetu. Wangapi humu mna mama mwenye goti, baba aliyepata kiharusi, shangazi mwenye kisukari aliyekatwa mguu? Bodaboda nazo zinatuletea vijana wa miaka 20 wenye vyuma miguuni. Na sisi tunaochanga leo ndio tunaopanga kustaafu huko. Sikuombei mabaya, lakini ukumbi ukijengwa mwaka huu nitakuwa na miaka sabini na kitu utakapokuwa bado umesimama.

Sheria ipo na haina utata. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, inayotaka majengo na huduma za umma zifikiwe na watu wote. Ramani za madarasa mapya zinazotoka serikalini siku hizi zinakuja na rampu. Chama cha watu walioelimika kama sisi hakiwezi kujenga jengo la umma lililo nyuma ya darasa la shule ya msingi.

Kuna na jambo la fedha ambalo wengi hamlijui. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mikopo ya shughuli za uzalishaji, si ya kujengea rampu, msije mkaniambia niiombe. Lakini wanaoiomba kwa kikundi lazima wasajiliwe, wafanye vikao na waandike mihtasari. Vikao hivyo watafanyia wapi? Mpaka sasa wanakutana chini ya mwembe, mvua ikinyesha kikao kimeahirishwa. Ukumbi wetu ungekuwa jibu, iwapo wataweza kuingia.

Nisije nikafanya kana kwamba ulemavu wote ni kiti mwendo. Mwalimu wetu mmoja mstaafu, ambaye macho yalimwacha miaka kadhaa sasa na anatumia fimbo nyeupe, alinisikiliza nikieleza habari za rampu kwa muda mrefu, kisha akasema: "Kijana, mimi ngazi nazipanda vizuri kuliko wewe. Nipe kishikio cha chuma, na mfuniko kwenye ule mfereji wa mbele ya zahanati. Nimeshauangukia mara mbili." Hatukuwa tumeuandika mfereji. Sasa umeandikwa. Ndugu zetu wenye ualbino wanataka paa juu ya benchi la kusubiria, kwa sababu foleni ya saa nne juani inawaunguza ngozi. Nalo limeandikwa. Viziwi wanamtaka muuguzi mmoja anayejua lugha ya alama, na hilo liko nje ya uwezo wetu wa saruji, lakini Katibu ameishaanza kuuliza wilayani. Kwa sababu hiyo naomba kamati ya ujenzi iwe na wajumbe wawili wenye ulemavu, wanaokaa kule kule, wenye kura kama wengine, na fundi asilipwe malipo ya mwisho mpaka hao wawili wapite mlangoni wenyewe na kusaini.

Sasa makisio. Zahanati: rampu ya mita 6 na nusu, vishikio, mlango mpya wa mganga, mfuniko wa mfereji na paa la benchi, shilingi 2,900,000. Choo kipya cha zahanati chenye mlango mpana, cha kukaa, chenye vishikio, shilingi 4,200,000. Ofisi ya kata, ambapo njia ya karibu mita 8 itabidi ikunje kona kwa sababu ya mlingoti wa bendera, shilingi 2,300,000. Jukwaa la stendi, shilingi 2,150,000. Jumla ni shilingi 11,550,000. Lengo letu la leo ni shilingi milioni 60. Fungu hili halifiki moja ya tano, na zilizobaki zote zinakwenda kwenye ukumbi, ambao kwa kuhamisha mlango hauongezeki gharama.

Kwenye makisio hayo hamna mawe, mchanga wala kuchimba. Hivyo vitatoka kwa msaragambo. Wenyeviti wa vitongoji wamekubali kuita watu siku mbili, na wazee wamenihakikishia kwamba baragumu likilia watu watatoka. Zamani msaragambo ulitengeneza mifereji na barabara za mlima ule bila mhasibu yeyote, mita 8 za rampu haziwashindi.

Najua mlima ni mlima. Njia ya kutoka kule kitongoji cha juu mpaka barabarani hatuwezi kuilainisha leo, na yule mama ataendelea kuhitaji bodaboda na mkono wa jirani. Sitawadanganya kwamba hela hizi zinamaliza tabu yake. Zinamaliza mita 10 za mwisho, zile za mlangoni, na hizo ndizo zilizo mikononi mwetu.

Wenzetu wa makabila mengine wanatusema Wapare kuhusu mkono mgumu, mnazijua hadithi zote, na mimi kwa kazi yangu nimechangia kuzithibitisha. Leo sidai utoe zaidi ya ulichopanga. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kitabu hiki. Imegawanywa sehemu mbili, "Ukumbi" na "Milango". Weka alama unapotaka fedha yako iende, na itakwenda hapo, nitailetea risiti na picha. Usipoweka alama, kamati itagawa kwa uwiano niliousoma. Ahadi zinapokelewa mpaka tarehe 31 Januari kwa benki au kwa simu, namba ni zile zile za mwaka jana.

Mnaokwenda nyumbani Desemba, fundi ataweka vigingi kwenye kiwanja kuonyesha mlango ulipo kwenye michoro yote miwili. Piteni mkaangalie kabla ya mkutano wa tarehe 28, maana kura ya ramani itapigwa siku hiyo, pale pale kiwanjani, ambapo hakuna ngazi.